Nilivyoichunguza asili ya "sleep tight" kwa msaada wa kitanda cha kamba

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Tabora, na kila mwaka hukutana na mwanafunzi anayeulizia maneno ambayo watoto wa Waingereza na Wamarekani huagwa nayo wakati wa kulala: "Good night, sleep tight, don't let the bedbugs bite." Sehemu ya mwisho haiwasumbui, kwa kuwa kunguni wanamjua, na aliyekaa bweni anamjua zaidi. Kinachowatatiza ni hilo "tight", ambalo wamelizoea kwa maana ya kukazwa, nao hutaka kujua ni kitu gani hukazwa mtu anapolala.

Jibu lililoenea ni la kitanda. Husimuliwa kwamba zamani vitanda vya Ulaya na Marekani vilitandazwa kamba mahali ambapo sisi huweka chaga, kwamba kamba hizo zililegea kwa kulaliwa na kukazwa tena kwa ufunguo wa mti, na kwamba kumtakia mtu usingizi wa kukaza kulikuwa kumtakia kitanda kisichobonyea. Kuhusu vitanda vyenyewe hakuna ubishi: vilitumika kwa karne nyingi, na funguo zake zimehifadhiwa katika nyumba za makumbusho huko Marekani, ambako waongoza wageni huipenda sana hadithi hii. Nilichotaka kukijua ni kama maneno yalizaliwa na kitanda hicho, na kwa kuwa kwetu kitanda cha kamba si kitu cha makumbusho, nilianzia hapo.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Uyui ambaye bado husuka vitanda kwa kamba za magome ya miti ya miombo. Baada ya shikamoo na maelezo marefu kuhusu kilichonileta, alinitolea nje kitanda kilicholegea na kuniagiza nishike upande wa mchago. Yeye alianzia miguuni, akaivuta kamba mkondo mmoja baada ya mwingine kuelekea kwangu, akiibana kwa kijiti katika tundu la mfumbati ili isirudi nyuma huku akiuvuta mkondo unaofuata. Kazi hiyo ilitutoa jasho, nikamwuliza kama huwa anaifanya kila jioni kabla ya kulala. Alicheka. "Mwalimu, kitanda hukazwa mchana," alisema, "na ukikikaza kupita kiasi, mbavu zitakusimulia asubuhi."

Tulipoifungua kamba ya kitanda cha pili tuliwakuta wanaotajwa katika maneno yale. Palipokuwa na mafundo, na ndani ya matundu ya mfumbati, palijaa vidoa vyeusi vya kinyesi chao, na kunguni wenyewe wakajitokeza, bapa kiasi cha kupenya mahali ambapo ukucha haupiti. Wapo wanaodai kwamba kukaza kamba au kuchomekea shuka kwa nguvu kulikuwa njia ya kuwazuia wasiume. Aliyewahi kuona fundo la kamba lililokazwa hadi mwisho likiwa limewahifadhi humo na mayai yao hawezi kuyakubali maelezo hayo. Mzee alimaliza shauri kwa sufuria ya maji yanayochemka, ambayo kwa maoni yangu bado inazishinda dawa nyingi za kupuliza, maana kunguni wa siku hizi wamezizoea baadhi ya dawa hizo.

Hata hivyo, shaka niliyotoka nayo Uyui haikuwa ushahidi. Asili ya maneno hupimwa kwa maandishi yenye tarehe, na hapo ndipo hadithi ya kamba inapodhoofika. Mfano wa zamani unaotajwa sana ni wa mwaka 1866, katika shajara ya Susan Bradford Eppes wa Florida, ambaye anaiaga shajara yake kwa kuitakia ilale "tight" na iamke iking'aa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1926, kwa hiyo ni busara kuipokea tarehe hiyo kwa tahadhari. Kunguni wanaonekana wazi katika mkusanyiko wa misemo ya New England ambao Clifton Johnson aliutoa mwaka 1896. Ili wanafunzi wapate kipimo, niliwakumbusha kwamba 1866 ndio mwaka ambao Livingstone alianza safari yake ya mwisho, ile iliyomfikisha katika tembe la Kwihara mwaka 1872. Maneno haya, basi, yanaonekana wakati ambapo vitanda vya kamba, vilivyokuwapo karne nyingi kabla yake, vilikuwa vinaanza kupisha magodoro ya springi.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni mepesi, na pengine ndiyo sababu hayapendwi. "Tight" lilitumika pia kwa maana ya barabara au sawasawa, kama inavyosikika katika "sit tight", ambako hakuna kiti kinachokazwa. Anayeambiwa "sleep tight" anatakiwa alale fofofo. Neno hilo lina vina na "night", na watoto wakishaonja vina hawaachi: Bi Eppes aliongeza "bright", wengine wakamwita kunguni kwa sababu ya "bite".

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu hakuridhika. Alisema kwamba watu husema jambo kwa muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa hiyo huenda kamba ilitangulia. Pingamizi lake ni halali na nililiandika ubaoni. Nilimjibu tu kwamba mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayedai, naye atuletee andiko moja la zamani ambalo ndani yake maneno hayo yanatajwa pamoja na kamba au ufunguo wa kitanda. Bado anatafuta, na nimemruhusu atumie kompyuta ya ofisi ya walimu baada ya vipindi.