Anzia Nasser Road

Wadogo zangu wanaotaka kuishi kwa usanifu wa michoro huniuliza waanze na programu gani. Huwaambia waanze na Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala. Shule ya sanaa ya Makerere, ile yenye jina la Margaret Trowell, naiheshimu sana, lakini mashine ya kuchapa ina masomo yake. Kwenye skrini rangi ni mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Kwenye karatasi ni wino wa rangi nne, na ile buluu kali ya kompyuta hutoka imefifia, inaelekea zambarau. Fundi atakuonyesha kwa kidole. Atakuonyesha pia kwa nini unaongeza milimita 3 za mchoro kila upande, nje ya mstari wa kukata: kisu kikisogea kidogo tu, kadi ya harusi inabaki na ukingo mweupe, na mteja anaikataa. Ana haki.

Malipo? Chukua nusu kabla hujachora chochote, hata kwa shemeji yako.

Mimi kadi za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, ndizo zinazonilipia kodi ya chumba, na nazipenda. Majina ya koo mbili lazima yaandikwe sawasawa, herufi kwa herufi, kwa hiyo humsomea mama wa bibi harusi kwa simu kabla ya kuchapa.