Mdahalo wa injini na mashine ya kuchapa

Nilisoma sekondari mjini Iringa, na mpaka kidato cha tatu Kiingereza chetu kilikuwa cha kutaja vitu. Tuliweza kutaja sehemu za ua, za jicho, hata mihimili ya dola, maana tangu kidato cha kwanza masomo karibu yote yalikuwa kwa lugha hiyo nasi tulikuwa hodari wa kukariri. Kubishana ndiko kulikotushinda. Kwenye mdahalo mtu alisimama, akasoma karatasi yake mpaka nukta ya mwisho, akakaa; mwenzake naye akasoma yake. Hakuna aliyemjibu mwingine.

Mwalimu wetu wa Kiingereza akabandika karatasi ya manila pembeni ya ubao. Ilikuwa na maneno machache kwa wino mwekundu mzito: "although", "however", "on the contrary", "therefore", "unless". Akatoa sharti: kabla ya kusema lako, lirudie la mpinzani wako kwa haki, kama angelisema mwenyewe, ndipo uchague neno ukutani umjibu. Mada ilikuwa kwamba injini ya mvuke imemfaa binadamu kuliko mashine ya kuchapa vitabu. Mimi niliwekwa upande wa kupinga, na nikaenda kusoma ensaiklopidia maktaba mpaka wakafunga.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali ya Julai, darasa zima masweta. Upande wa kuunga mkono uliongozwa na msichana wa Kihesa, rafiki yangu. Alisema dunia ya viwanda ilifunguliwa na James Watt, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1769. Nikasimama, nikairudia hoja yake, nikashika "although". Ingawa Watt alifanya kazi kubwa, nilisema, Thomas Newcomen alikuwa na injini ya kuvuta maji migodini tangu 1712. Kasoro yake ni kwamba silinda ilijazwa mvuke wa moto, kisha ikarushiwa maji baridi ndani ili mvuke ule urudi kuwa maji, na hivyo hivyo kila mzunguko, makaa yakiteketea bure. Watt aliweka chombo cha pembeni cha kupoozea mvuke, silinda ikabaki na moto wake. Kwa hiyo mvumbuzi husimama juu ya kazi ya aliyemtangulia, na maarifa hayo yamebebwa na karatasi tangu Johannes Gutenberg achape Biblia yake kule Mainz miaka ya 1450.

Rafiki yangu alirudia hoja yangu vizuri kuliko nilivyoisema mimi. Kisha: "On the contrary!" Watt, alisema, aliliona tatizo lile alipopewa kutengeneza modeli ya injini ya Newcomen, mali ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Aliyemfundisha ni mashine mbovu iliyokuwa mezani kwake. Darasa likapiga madawati.

Nilishindwa kukasirika. Nimeshakaa kwenye vikao vingi vya watu wazima tangu wakati ule, na bado ni nadra kumsikia mtu akijibiwa kile hasa alichokisema.

Nikaleta mfano wa hapahapa. Erasto Mpemba alipokuwa sekondari aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kwenye friza kabla ya yale yaliyopoozwa. Baadaye, akisoma shule ya Mkwawa hapa Iringa, alimuuliza sababu yake Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakalichapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Lisingechapwa, nilisema, lingebaki kichekesho cha darasani.

Kura zikapigwa, injini ikashinda. Mwalimu akatuagiza kuandika insha, kila mtu atetee upande aliokuwa akiupinga.

Njiani tukaendelea kwa Kiswahili. "Mpemba wako ni wa upande wangu," rafiki yangu akasema. "Alijifunza kwenye friza, hakujifunza kwenye jarida."

"Sawa, lakini we ulimjulia wapi?"

"Kwa babu. Alinisimulia nikiwa darasa la sita."

"Basi babu amekusimulia wewe. Na wanafizikia wa Ulaya je, nani aliwasimulia?"

"Ngoja, usinirukie. Kwanza rudia nilichosema."

Nikakirudia.