Siku Moja Maishani Mwangu: Msaidizi wa Kisheria wa Mashauri ya Ndoa, Kigoma Ujiji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Kabla sijatoka nyumbani Gungu nimekwisha kupigiwa simu na watu wawili, wote wakiuliza kesi ya talaka inafunguliwa kwa shilingi ngapi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeniwekea mipaka ambayo sina budi kuitaja mapema: huduma yangu ni bure, naweza kumweleza mtu utaratibu, kumsaidia kupanga karatasi zake na kumwelekeza penye haki yake, lakini siruhusiwi kusimama mbele ya hakimu na kumsemea. Habari ya ada huwa naiacha kwanza. Swali langu ni moja: "Baraza la usuluhishi mmekwenda?" Mara nyingi upande wa pili hunyamaza.

Saa mbili na nusu asubuhi

Ofisi yetu ni chumba kimoja karibu na soko la Mwanga, chenye meza, benchi na kabati la majalada lisilofunga vizuri. Mteja wa kwanza ni mama wa makamo kutoka Katubuka, muuza mawese, aliyeamua kuachana na mumewe baada ya miaka mingi ya vipigo. Anafungua fundo la khanga na kutoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, yenye doa la mawese pembeni. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Wanandoa hawa nimewasikiliza, wameshindwana, waende mbele." Chini yake umepigwa mhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

"Mama, mwenyekiti amefanya vizuri kuwasikiliza," namwambia, "lakini kwa hiki hakimu hatapokea shauri lako."

"Mhuri si upo, mwanangu?"

"Upo, mama. Ila si wa Baraza."

Hapa ndipo asubuhi yangu huishia mara nyingi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mtu kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na Baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza si mtu mmoja mwenye mhuri. Ni mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, wanaopaswa kuwaita wote wawili na kuwasikiliza, kisha kutoa cheti. Sheria inataka kila kata iwe nalo, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yanayotambuliwa, ndiyo maana Waislamu wengi wa Ujiji huanzia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Cheti nacho kina umri wake: kisizidi miezi sita tangu kitolewe hadi siku ya kufungua shauri.

Watu huniambia huo ni urasimu. Mimi siuoni hivyo, kwa sababu nimeshuhudia upande wa pili wa jambo hili: shauri limesikilizwa, talaka imetolewa, nyumba imegawanywa, kisha kwenye rufaa inagundulika kwamba cheti hakikuwa halali, au kwamba mmoja hakuitwa kabisa, na mwenendo wote unafutwa. Wale wawili wanarudi kuwa mume na mke kisheria, hata kama mmoja ameshaanza maisha mengine. Ndiyo maana nashikilia kwamba mashauri mengi ya talaka huharibika au kusimama imara huko huko kwenye kata, kabla karani wa mahakama hajafungua jalada.

Kwa kuwa mama huyu ametaja vipigo, namwelekeza pia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Usuluhishi wa ndoa haufuti kosa la jinai, na hakuna mjumbe mwenye mamlaka ya kumwambia avumilie.

Saa nne na nusu asubuhi

Binti wa Ujiji ananionyesha ujumbe wa simu wenye talaka tatu. Anauliza kama sasa yuko huru kuolewa. Namweleza taratibu, kwa kuwa jambo hili linagusa dini yake na sheria kwa pamoja. Kwa ndoa ya Kiislamu, kifungu cha 107(3) kinasema kwamba Baraza likishathibitisha kushindwa kusuluhisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatambua kuwa ndoa imevunjika na kutoa talaka. Kwa hiyo talaka ya mumewe ina uzito, lakini haijitoshelezi. Mpangilio ndio unaotakiwa: Baraza kwanza, kisha talaka, kisha mahakama. Bila amri ya mahakama, akidai mgawanyo wa mali kesho atakwama.

Anacheka kidogo. "Kwa hiyo ameniacha, ila hajaniacha?"

"Kwa shehe amekuacha, dada. Kwa serikali bado."

Saa sita mchana

Kwenye ofisi ya kata Baraza limeketi, mke amefika, mume hayupo. Ni mvuvi wa dagaa. Katibu anataka kuandika kwamba amekaidi wito, nami nauliza wito ulipelekwa lini. Kumbe ulipelekwa wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, ambapo wavuvi wanashinda wamelala mchana na usiku wako ziwani na taa zao. Mtu wa namna hiyo huitwa wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Wajumbe wanakubali kuahirisha, na mimi nafurahi zaidi kuliko mteja wangu, ambaye alitaka cheti leo leo.

Akipuuza tena ilhali wito umemfikia, ukaidi huo wenyewe ni sababu inayoruhusiwa na kifungu cha 101 kwenda mahakamani bila usuluhishi. Zipo nyingine, na kwa mji wa mwambao kama wetu zinatumika kweli: mume aliyemtelekeza mkewe na hajulikani alipo, au anayeishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Wapo wanaume waliovuka kwenda Kalemie wakaanzisha familia huko. Mke wa mtu kama huyo hana haja ya kumsubiri mbele ya wajumbe.

Saa nane mchana

Nampeleka msichana mwenye mtoto mchanga kwa afisa ustawi wa jamii. Hakuolewa, na baba wa mtoto anakana. Kwake yeye njia ni tofauti kabisa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ikibidi Mahakama ya Watoto, ambayo huketi faragha na ambamo afisa ustawi anahudhuria. Mahakama hiyo inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba na kuagiza matunzo. Afisa anaandika wito, tunaondoka.

Saa kumi jioni

Wa mwisho ni mzee mstaafu wa reli. Ameingia akisema wazi kwamba cheti cha Baraza anacho, ndani ya muda, na nimekikagua: ni sahihi. Anachotaka kujua ni kama mkewe, "ambaye hajawahi kufanya kazi," atapata chochote kwenye nyumba ya Mwanga.

"Shikamoo mzee," naanza upya, maana yataka upole. Kisha namsimulia shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Humo majaji walikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Ni kweli kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi wa familia alikwisha kuzitapanya. Watu husahau sehemu hiyo. Lakini kanuni ilibaki, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka hakimu apime mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi.

Mzee anakaa kimya, kisha anaanza kuhesabu kwa vidole: nani alikuwa akichota maji mafundi walipojenga, nani aliwapikia, nani alilea watoto yeye akiwa safarini Tabora na Dodoma. Anaomba nimwandikie namba ya kifungu. Namwandikia 114 nyuma ya bahasha yake, naye anauliza kama Baraza linaweza kuwapokea tena wakitaka kuzungumza. Namjibu kwamba hakuna sheria inayowazuia, cheti kisipotumika kitakufa chenyewe.