Nani Anakusikiliza?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii tukae kidogo na jambo ambalo tunalisikia likitajwa msikitini kwa heshima kubwa, kisha tunawaachia wenyewe: ijaza ya Qur'ani, yaani ushahidi wa sheikh kwamba mtu amemsomea naye amemridhia. Fulani amekhitimu na kupewa ijaza, watu wanapiga takbira, wazazi wanafuta machozi, na sisi wengine tunaondoka tukijua kwamba hilo si letu. Naona hapo tunakosa kitu kikubwa. Ndani ya ijaza mna adabu inayomhusu kila anayeswali, hata yule ambaye alichohifadhi ni Fatiha na sura chache za mwisho wa msahafu. Adabu hiyo ni kukubali kusikilizwa.

Mwenyezi Mungu anamwambia Mtume wake (s.a.w.) katika Suratun-Naml, aya ya 6, kwamba yeye anapokezwa Qur'ani kutoka kwa Mwenye hikima, Mjuzi. Anapokezwa. Hakuachiwa maandishi ajisomee. Alisomewa, na katika Suratul-Qiyama akakatazwa kuuharakisha ulimi wake: Tukiisha kuisoma, ndipo ufuate kisomo chake. Kisha kila Ramadhani Jibrili (a.s.) alikuwa akimjia, wakidurusu pamoja, na katika mwaka aliofariki waliipitia Qur'ani mara 2. Hebu lipime jambo hili moyoni. Yeye ndiye aliyeteremshiwa, na Mola wake alikwisha kumdhaminia kwamba ataikusanya kifuani mwake, na bado alikuwa na wa kudurusu naye kila mwaka mpaka mwisho wa umri wake.

Naye akawasikiliza masahaba. Siku moja alimwambia Abdullah bin Masud, "Nisomee." Ibn Masud akastaajabu: nikusomee wewe, na hali imeteremshwa kwako? Mtume akamjibu kuwa anapenda kuisikia kwa mwingine. Akamsomea Suratun-Nisaa mpaka alipofika aya ya 41, ile inayouliza itakuwaje siku ambayo kila umma utaletewa shahidi, nawe uletwe kuwa shahidi juu ya hawa. Akaambiwa inatosha. Alipogeuka akayaona macho ya Mtume yakitiririka machozi. Na Ubayy bin Kaab aliambiwa na Mtume kuwa Mwenyezi Mungu amemwamrisha yeye Mtume amsomee Ubayy Suratul-Bayyina. Ubayy akauliza, "Amenitaja kwa jina?" Akaambiwa ndiyo. Akalia.

Mimi kila nikifika kwenye hadithi hizi mbili husimama. Darasa la Qur'ani tangu mwanzo lilikuwa hivi: watu wawili wamekaa, mmoja anasoma, mwingine anasikiliza, kisha wanabadilishana.

Sayyidna Uthman alipoinakili misahafu na kuipeleka mijini, alihakikisha kila mji una msomaji wa kuwasomesha watu. Katika mji wa Kufa, Iraq, aliyekaa kusomesha ni Abu Abdurrahman As-Sulami. Huyu ndiye aliyeipokea kwa Uthman hadithi tunayoijua sote, "Mbora wenu ni aliyejifunza Qur'ani na akaifundisha." Bukhari ameipokea, na pamoja nayo amehifadhi maneno ya As-Sulami kuhusu nafsi yake: alisomesha tangu ukhalifa wa Uthman mpaka zama za Hajjaj, gavana wa Iraq, na akasema kuwa hadithi hii ndiyo iliyomkalisha pale alipokaa. Umri mzima, kwa ajili ya sentensi moja. Mbele yake alikaa Asim, na mbele ya Asim akakaa Hafs, aliyefariki mwaka 180 Hijria. Msahafu ulio mkononi mwako leo, kwa Waislamu walio wengi duniani, umepigwa chapa kwa riwaya, yaani mapokezi ya kisomo, ya huyu Hafs kutoka kwa Asim. Kwa hiyo unapofungua juzuu yako unasoma kama alivyosomeshwa mtu aliyekaa mbele ya mtu aliyekaa mbele ya As-Sulami, naye As-Sulami alisoma kwa Uthman na kwa Ali, na wao kwa Mtume.

Mnyororo huo wa wasomaji ndio unaoitwa sanadi. Ijaza ni sheikh kushuhudia kwamba fulani amenisomea, nimemsikiliza, nimemridhia, nami nilimsomea fulani, naye fulani, jina baada ya jina. Sanadi nyingi zinazopewa watu leo hupitia kwa Ibn al-Jazari, mzaliwa wa Damascus aliyefariki Shiraz mwaka 833 Hijria (1429), ambaye utenzi wake wa tajwidi bado wanafunzi wanauhifadhi kabla ya kuketi mbele ya sheikh. Ukihesabu kutoka kwa msomaji wa zama hizi mpaka kwa Mtume (s.a.w.) utakuta takriban majina 30. Karne zaidi ya 14, na majina yake yanaenea kwenye karatasi moja.

Mtu anaweza kuuliza: maandishi yapo, irabu zipo, alama za waqfu zipo, na sasa sauti za maqari zimejaa kwenye simu. Sheikh wa nini? Jibu lake limo ndani ya msahafu wenyewe. Fungua Suratu Yusuf, aya ya 11, pale ndugu zake wanapomwambia baba yao, "Maa laka laa ta'mannaa." Wasomaji wa Hafs wana namna 2 za kulisoma neno hilo, na mojawapo ni ishmamu: unaikusanya midomo kuashiria dhamma (irabu ya "u") wakati wa ghuna, ile sauti ya puani, bila sauti yoyote ya dhamma kutoka. Sikio halishiki kitu. Inaonekana kwa macho tu, kwa anayemtazama msomaji usoni. Basi rekodi ya sauti itakufundishaje? Au nenda Suratu Hud, aya ya 41, "majreehaa," ambapo alifu inainamishwa kuelekea yaa, mahali pekee katika riwaya yote ya Hafs. Au Suratul-Qiyama, "man," kisha kimya kifupi bila kuvuta pumzi, kisha "raaq." Hayo yote yana alama yake ndogo kwenye msahafu, lakini alama inakuambia kuna jambo hapa, kiasi cha kuinamisha, kiasi cha kunyamaza, utakipata kinywani mwa mtu.

Na kuhifadhi nako kuna mitego yake inayohitaji sikio la pili. Katika Suratul-An'am, aya ya 151, tunakatazwa kuwaua watoto kwa sababu ya ufukara, na Mola anasema, "Sisi tunakuruzukuni nyinyi na wao." Katika Suratul-Israa, aya ya 31, tunakatazwa kuwaua kwa kuogopa ufukara, na anasema, "Sisi tunawaruzuku wao na nyinyi." Hafidh anayesoma peke yake chumbani anaweza kuruka kutoka sura hii kwenda ile bila kujijua, akaendelea kwa sauti nzuri kabisa. Sheikh atagonga kidole, au atanyamaza tu, na mwanafunzi atajua kuwa amepotea njia. Ukipewa maana yake huchanganyi tena: kule ufukara umeshaingia nyumbani, mzazi ana dhiki, ndiyo maana riziki yake imetajwa kwanza, huku ufukara haujaja, anauhofia kwa ajili ya watoto, nao wakatangulizwa wao. Rehema iliyomo katika mpangilio huo peke yake yatosha kumtoa mtu machozi.

Kwa kawaida anayetaka ijaza ya hifdhi huisoma yote kwa ghaibu, bila kutazama msahafu, kuanzia Fatiha mpaka An-Nas, mbele ya sheikh anayesikiliza herufi kwa herufi. Wapo masheikh wanaowaijazi pia wanaosoma kwa kutazama, na hulibainisha hilo kwenye ijaza. Jambo linalonitia wasiwasi ni pale ijaza inapogeuka kuwa pambo. Watu wanakimbilia sanadi fupi, wanakusanya karatasi, na muraja'a, yaani kurudia kile walichohifadhi, umekwisha siku ile ile ya sherehe. Mtume ameapa kwamba Qur'ani huponyoka haraka kuliko ngamia aliyefungwa kamba. Na Imam Muslim amepokea hadithi ya kutisha ya watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama. Miongoni mwao yumo aliyejifunza Qur'ani na kuisoma ili aambiwe ni qari. Akaambiwa, na yakawa yamekwisha huko huko duniani. Imam Suyuti, katika al-Itqan, kitabu chake cha elimu za Qur'ani, ameandika wazi kuwa ijaza si sharti la kusomesha: mwenye kujua nafsi yake kuwa ana uwezo, anaruhusiwa kukaa na kusomesha hata kama hakuijaziwa na mtu. Tusiwadharau basi akina ustadhi na akina mama waliotufundisha alifu na bee bila karatasi yoyote.

Sasa turudi kwetu. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba aliye mahiri wa Qur'ani yuko pamoja na Malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kigugumizi na inamwia ngumu, ana malipo mawili. Ndugu yangu mwenye miaka mingi, unayeona aibu kusoma mbele ya mtu kwa sababu ulimi umekuwa mzito, hadithi hiyo ni yako. Aibu ndiyo inayotunyima. Tunaswali rakaa 17 za faradhi kila siku, Fatiha katika kila rakaa, na wengine hatujawahi kumsomea mtu Fatiha hiyo tangu tulipotoka madrasa.

Kabla ya Ijumaa ijayo mtafute mmoja anayejua, imamu wako, jirani, au hata mwanao anayesoma chuoni, umwombe akusikilize Fatiha yote. Mwambie asikustahi. Ataisikiliza shadda ya "iyyaaka," ambayo wengi tunaidondosha kwa haraka. Ataisikiliza haa ya "Ar-Rahmaan" kama inatoka katikati ya koo, na aini ya "nasta'iin," na dhaadi ya "waladh-dhaalliin" pamoja na mvuto wake mrefu. Akikurudisha, rudia mpaka aridhike. Na kama wewe ndiye unayejua, ukiombwa usiseme una shughuli. Kaa naye, msahihishe kwa upole, neno moja kwa wakati. Mkimaliza Fatiha na muda bado upo, ingieni Al-Ikhlas.