Kutoka Kekova Hadi Bodrum kwa Tanga

Mtu anayeingia mjini kwa basi huuliza malazi yako wapi. Sisi tunaoingia kwa tanga tunauliza kwanza chini ya maji kuna nini: mchanga, tope, mwamba au nyasi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama usiku tutalala au tutakesha. Tunaishi chomboni, mimi, mume wangu, binti yetu na mdogo wake wa kiume, katika mashua yenye mlingoti mmoja na urefu wa mita 12. Haya ni ya msimu tuliopita kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki na visiwa vya Ugiriki vilivyo jirani nayo.

Tulianzia Kekova. Hapo kisiwa kirefu kimejipanga sambamba na bara, na katikati pana maji yaliyotulia hata nje kukichafuka. Upande wa kaskazini wa kisiwa, ngazi za mawe zinashuka mlimani na kuendelea kushuka ndani ya bahari. Ni mabaki ya mji wa Walikia, watu wa kale wa pwani hii, ambao ardhi yake ilididimia kwa matetemeko. Kuogelea, kupiga mbizi na kutia nanga juu ya magofu hayo kumekatazwa, na mimi naliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, maana nimekwisha kuona nanga inavyolima chini ya bahari. Tulipita polepole, watoto wamelala kifudifudi omo, mbele ya chombo, wakitazama kuta zikipita chini yao. Ng'ambo, kwenye kijiji cha Kaleköy kilicho chini ya ngome, kaburi la mawe la Walikia limesimama peke yake katikati ya maji.

Tulitia nanga kwenye ghuba ya Üçağız, penye tope zuri. Nasema zuri kwa sababu nanga haishiki kwa uzito peke yake kama wengi wanavyodhani. Inashika kwa kujichimbia, na ili ijichimbie lazima ivutwe kwa ulalo. Kwa hiyo unamwaga mnyororo mrefu, mara nne au tano ya kina, ili sehemu kubwa ilale chini. Ukimwaga mfupi, chombo kikiinuka na wimbi kinaivuta nanga juu na kuing'oa. Mume wangu husimama omo kwenye mnyororo, mimi nashika usukani. Ikishafika chini narudi nyuma taratibu kwa injini, kisha binti yetu anachagua vitu viwili vilivyo nchi kavu, mti na pembe ya nyumba kwa mfano, na kuangalia kama vinabaki kwenye mstari mmoja. Vikiachana, tunatembea na nanga yetu, na kazi inaanza upya. Nyasi za bahari tunazikwepa kabisa. Nanga huteleza juu ya mizizi yake, na zikishang'olewa huchukua miaka mingi sana kuota tena.

Kutoka Kekova kwenda Kaş tulipita rasi ya Uluburun. Juu hakuna cha kutazama ila miamba iliyokauka. Lakini mwaka 1982 mpiga mbizi wa sponji aliona hapo chini vipande vya metali vya ajabu, na kati ya 1984 na 1994 wataalamu walizama zaidi ya mara 22,000 kuopoa shehena ya merikebu iliyozama katika karne ya 14 kabla ya Kristo. Mwanetu wa kiume alitaka tusimame. Haiwezekani: mteremko unaanguka ghafla na chini ni mwamba. Nilimwahidi kwamba shehena yenyewe tutaiona Bodrum.

Kaş ni mji wa makaburi na maua, na una ukumbi wa kale wa maonyesho ambao viti vyake vya mawe vinaitazama bahari. Kutoka hapo unakiona kisiwa cha Kastellorizo, mali ya Ugiriki, karibu kiasi kwamba taa zake za usiku zinahesabika. Hata hivyo huwezi kwenda tu. Unagongesha mihuri ya kutoka Uturuki, unavuka, unapandisha bendera ya njano ya kuomba ruhusa, unaandikishwa kuingia, ndipo unaishusha na kupandisha bendera ya mwenyeji. Wasafiri wa pasi kama zetu tunaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 kwenye nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, zinazohesabiwa kama eneo moja la kuingia, basi ramani yetu ina kalenda kando yake. Pwani hii hupindana, leo Uturuki kesho Ugiriki, na kila upande unahesabu kivyake.

Bandarini Kastellorizo, kasa wanaogelea kati ya vyombo na gati. Watoto hawakutaka kula wala kusoma, na siku hiyo tuliwaacha.

Toka hapo hadi kisiwa cha Rhodes hakuna pa kujificha kwa maili nyingi, na mchana upepo unatoka mbele. Tuling'oa nanga jioni, tukasafiri usiku kwa zamu. Kaskazini zaidi, kiangazi chote hutawala meltemi, upepo mkavu unaovuma toka kaskazini na kaskazini-magharibi, mara nyingi anga ikiwa safi kabisa. Hauna wingu la kukuonya. Anayekwenda Bodrum huamka kabla ya alfajiri, hupiga bisha, yaani hukata mshazari dhidi ya upepo, asubuhi, na saa nane mchana awe amekwisha kujificha nyuma ya rasi.

Symi ulitushika mioyo. Nyumba za rangi ya manjano na waridi zimepanda mlima pande zote za bandari, nyingi zikiwa zimejengwa kwa fedha ya sponji. Mwaka 1900 wapiga mbizi wa kisiwa hiki ndio waliogundua, karibu na kisiwa cha Antikythera, merikebu iliyobeba sanamu pamoja na ile mashine ya magurudumu ya meno ya kukokotolea mienendo ya jua na mwezi. Bahari hapa karibu haijai wala haipwi, kwa hiyo vyombo huegeshwa kinyumenyume: nanga inatupwa mbali mbele, tezi, nyuma ya chombo, inafungwa gatini, na ubao wa kushukia unakaa palepale usiku kucha. Shida ya Symi ni kina. Maji yanakwenda chini haraka, minyororo inakuwa mirefu, nayo inapandana. Asubuhi jirani aling'oa nanga yake ikaja na mnyororo wetu juu yake. Dawa yake si nguvu. Pitisha kamba chini ya mnyororo wa mwenzako, uufunge, teremsha nanga yako mpaka iachane nao, kisha legeza kamba. Binti yetu ndiye aliyeishika kamba ile akiwa kwenye boti ya mpira, na sauti yake haikutetemeka.

Bodrum tuliingia adhuhuri, upepo ukianza kukaza. Ndani ya ngome ya Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana ndimo lilimo jumba la makumbusho ya vitu vilivyoopolewa chini ya maji. Nilisimama muda mrefu mbele ya Uluburun. Shaba ilikuwa tani kumi hivi, na bati tani moja. Palikuwa na pembe za ndovu, meno ya kiboko, mayai ya mbuni. Na palikuwa na magogo ya mpingo, mti uleule unaochongwa vinyago, yaliyokatwa Afrika zaidi ya miaka 3,300 iliyopita na kufikia pwani hii kwa tanga. Sikutegemea kuguswa kiasi kile na gogo.

Mwanetu alikuwa kwenye nanga. Merikebu ile ilibeba nanga 24 za mawe.

"Mama, za nini zote hizo?"

Nilimweleza kwamba jiwe hushika kwa uzito, na likinasa kwenye mwamba kamba hukatwa likaachwa hukohuko. Nahodha aliyetaka kufika alibeba za akiba.

"Sisi tunazo tatu," akasema.

Alasiri hiyo, meltemi ikipiga kelele kwenye milingoti yote ya bandari, alimfuata baba yake wakazitoa zile mbili za akiba na kubadilisha amari, kamba ya nanga, ya moja iliyokuwa imechakaa.