Visima vya Gede

Leo nimeshinda Gede, magofu ya mji wa kale katika pwani ya Kenya, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu. Shuleni anafundishwa historia na jiografia kama masomo yasiyojuana: moja la miaka na watawala, jingine la mvua na miamba. Nilitaka aone mahali ambapo huwezi kuyatenganisha.

Magofu yako ndani ya msitu, karibu na barabara ya Watamu. Mji ulianza karne ya 12 au ya 13 hivi, ukanawiri karne ya 15, na karne ya 17 ukahamwa kabisa. Leo mibuyu imeota palipokuwa vyumba vya kulala, na kima wanaruka juu ya kuta za msikiti.

Kilichomshika kwanza hakikuwa jumba la mtawala. Aliinama ukutani, akaona ndani ya jiwe alama za matumbawe, zile nyota ndogondogo ambazo mtu hutarajia kuziona baharini. Na bahari iko kilomita zipatazo 6 kutoka pale! Basi tukaanza hapo. Mwamba wa ukanda huu ni matumbawe ya kale, yaliyoota wakati maji ya bahari yalikuwa juu kuliko sasa. Waliojenga Gede walikata mawe hayo, wakayashikanisha kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yaleyale.

"Mjomba, mbona vyumba ni virefu halafu vyembamba hivi?"

Sikuwahi kujiuliza. Mzee aliyekuwa akitutembeza alicheka kwa furaha, kama mtu aliyesubiri swali hilo siku nyingi. "Boriti, mwanangu," akamwambia. "Dari ya mawe ilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko haukupi zaidi ya mita tatu hivi. Ukitaka chumba kikubwa, unarefusha, kupanua huwezi." Mti wa kwenye matope ya hori la bahari umewapangia watu upana wa kitanda, wa sebule na wa msikiti. Kwangu hilo lilikuwa somo kubwa kuliko tarehe yoyote, ingawa tarehe nazo zipo: kaburi moja limechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba kuanzia 1948: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma. Vipande vya bakuli za Kichina vimepatikana kwa wingi. Hapo nilimwomba mpwa wangu anieleze kaskazi na kusi, pepo za msimu zilizoendesha majahazi ya biashara, naye akaeleza vizuri, ila safari hii pepo zile zilikuwa na mzigo. Jahazi lililoshuka na kaskazi lilingoja kusi ndipo lirudi, na miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyofanya wageni wakae, wauze na waoe.

Kisha visima, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Kisima cha karibu na Msikiti Mkuu kiliongezwa kina baadaye, na Kirkman aliona hiyo kuwa dalili kwamba maji ya ardhini yalikuwa yanashuka. Matumbawe hayashiki maji juu; mvua inapenya moja kwa moja. Wanahistoria wanataja pia uvamizi wa Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, mwaka 1589, kuhama kwa mtawala wa Malindi kwenda Mombasa chini ya Wareno, na kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Sioni haja ya kuchagua sababu moja. Mji wenye maji huvumilia vita, na wenye amani huweza kuchimba zaidi. Mji ukikosa yote mawili, watu hufunga mizigo. Lakini nikilazimishwa, nitaanza na kisima.

Mpwa wangu yeye alisumbuliwa na jambo jingine. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 na wakakaa jirani miaka mingi, lakini katika maandishi yao Gede haitajwi. Mji wenye kuta mbili, wenye watu wanaokadiriwa kufikia 2,500, na hakuna hata mstari mmoja! Alikasirika kwa niaba ya watu wa Gede, na mimi nilipenda hasira ile. Nilimwambia atazame tena ukuta, vyoo, zidaka (vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu) na mitaro ya maji: watu hawa wameandika, ila kwa mawe.

Njiani alichora ramani nyuma ya daftari: Gede ndani ya msitu, Jumba la Mtwana kule Mtwapa kwenye ufuo wenyewe, na Mnarani juu ya mkondo wa Kilifi. Miji yote mitatu ilihamwa. Anataka kujua kama visima vya huko navyo viliongezwa kina, na likizo ijayo tutaanza na Mnarani.