Mwanafunzi abaki, motari aende?

Wanangu wawili ni wa tumbo moja, wote wa hapa Kadutu, Bukavu. Mkubwa anasoma chuo kikuu; mdogo ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki toka asubuhi. Wangezaliwa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, mkubwa angebaki na madaftari yake, mdogo angevalishwa magwanda. Sheria yao ya kuita vijana jeshini kwa lazima ilimwahirishia mwanafunzi wa chuo. Mwenye daktari wa familia aliweza kupata cheti cha ugonjwa wa mgongo au wa moyo ili asiende. Mtoto wa maskini alipata barua ya wito. Hiyo inaniuma.

Tarehe 1 Desemba 1969 wakaingiza bahati nasibu: vidonge 366 vya plastiki ndani ya chombo cha kioo, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa. Iliyotoka kwanza ni 14 Septemba: waliozaliwa siku hiyo ndio wa kwanza kuitwa. Mwanangu mdogo ni wa Septemba. Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Bondia Muhammad Ali, yule wa pambano la Kinshasa 1974, alikataa jeshi hadharani mwaka 1967. Akanyang'anywa ubingwa, akahukumiwa miaka 5 jela, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu 1971. Namheshimu sana kwa kusimama wazi. Lakini mama aliyemtafutia mwanawe cheti simlaumu, hata kidogo.

Kwetu 1996 hapakuwa na barua wala cheti, vijana waliingizwa tu ukadogo, yaani uaskari wa watoto. Mama alimficha kaka yangu darini, akimpandishia bugali na sombe usiku. Leo kaka ni seremala, ana watoto wake.